Picha za Maua na Hadithi ya Waridi la Buluu

Upo ufundi ulioenea siku hizi miongoni mwa vijana wa Kinondoni na Temeke, ambao wazee wengi huutazama kwa mzaha: kupiga picha za maua. Apitaye asubuhi penye vitalu vya miche kando ya barabara huenda akamwona kijana amepiga magoti mbele ya kiriba cha waridi, simu mkononi, akingoja upepo utulie. Wapita njia hucheka. Sisi hatucheki. Tunaihesabu kazi hiyo kuwa ni sanaa, tena yenye nasaba katika pwani yetu. Walakini yamo ndani yake mambo mawili yanayostahili kusemwa waziwazi.

Ufundi wenyewe hautaki mali nyingi, wataka subira. Jua la Dar es Salaam likishapanda huiunguza picha: weupe wa asumini hugeuka doa tupu, na wekundu wa waridi hujaa hata mikunjo ya petali isionekane. Mjuzi hufanya kazi kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa mbili asubuhi, au hungoja wingu. Wingu likikosekana, hutandaza shuka jeupe juu ya ua ili nuru ichujwe, na nyuma yake huweka kitambaa cheusi ili macho yasitangetange kwenye matofali na ndoo za maji. Msimu wa kusi ndio wenye taabu kuliko yote, kwani ua halitulii hata nukta moja. Wapo wanaonyunyiza maji wakayaita umande. Hatuoni ubaya wake. Hata bibi arusi hutiwa manukato asiyozaliwa nayo.

Baadhi ya watu hudai kuwa picha iliyotiwa mkono baada ya kupigwa si picha tena. Dai hilo halina msingi. Zamani, kabla ya kompyuta, mafundi wa studio walizigusagusa negativu kwa ncha ya penseli ili kovu litoke usoni, wakatia rangi kwa brashi midomoni na kwenye mavazi. Mjini Lamu, Omar Said Bakor, aliyeendesha studio yake tangu miaka ya 1960, alikata picha za watu kwa mkasi, akazipachika ndani ya maua na mapambo mengine, kisha akaipiga picha upya kazi yote pamoja. Mteja alitoka na sura yake imechanua katikati ya petali. Hakuna aliyedanganyika. Kila mtazamaji alijua kuwa binadamu hakai ndani ya ua, na furaha ya picha ilikuwa hapo hapo. Kijana wa Mbagala afanyaye jambo lilo hilo kwa kidole juu ya kioo cha simu ni mwanafunzi wa chuo hicho, ajue asijue.

Shida huanza pale picha inapotoka ukutani ikaingia sokoni. Zimeenea katika simu picha za waridi la buluu, buluu kama ya wino, pamoja na matangazo ya mbegu zake. Waridi la namna hiyo halimo katika maumbile. Mwaridi hauwezi kujitengenezea delfinidini, ile rangi iyapayo maua mengi ubuluu wao. Kampuni ya Suntory ya Japani ilitumia miaka mingi kuutia mwaridi chembe ya urithi ya ua jingine. Ilitangaza mafanikio yake mwaka 2004 na ikaanza kuuza mwaka 2009, na ua lenyewe, kwa jicho la haki, ni la zambarau hafifu. Ikiwa mabingwa wa maabara hawakuifikia buluu ya wino, ni nani aliyeifikia katika kipakiti cha mbegu? Ni mtu aliyesogeza kidole kwenye rangi ya picha, basi. Mama aliyetoa akiba yake, akapanda, akamwagilia miezi kadhaa, na mwishowe akapata magugu, ameibiwa kama aliyeibiwa kuku.

Wala tusiwalaumu wa mbali peke yao. Muuza miche wa mtaani anayekoleza wekundu wa bogonvilia ili mteja wa Mwananyamala atume fedha kabla ya kuiona, naye yumo katika msafara huo. Apambaye kwa ajili ya ukuta na apambe apendavyo. Auzaye mche hana budi kulionyesha ua kama lilivyo. Mnunuzi naye aombe picha ya pili, ua likiwa limeshikwa mkononi. Rangi ya ngozi ya mtu twaijua sote, na vidole vikitokea vya zambarau, siri imefichuka.

Jambo la pili ni wizi wa kazi. Picha ya kijana huchukuliwa, ikachapwa kwenye kadi za harusi na mabango, bila jina lake wala senti moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inazitaja picha miongoni mwa kazi zinazolindwa, na COSOTA ipo kwa ajili hiyo. Ila sheria hiyo hukata kuwili: kijana akatae ua la picha ya mwenzake kulipachika katika yake bila idhini.

Tungependa vilevile vijana wetu watazame mbali zaidi ya waridi. Mwalimu Karl Blossfeldt wa Berlin alizikuza picha za mimea mara nyingi ili wanafunzi wa sanaa wajifunze maumbo, na kitabu chake kikatoka mwaka 1928. Wachora khanga wetu wangefaidika na hazina kama hiyo ya kilua, asumini na maua ya msitu wa Pugu. Na lipo lile ua dogo la urujuani la Usambara, alilolipeleka kwao Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire mwaka 1892, likapewa jina lake na leo limejaa madirishani Ulaya na Marekani. Ni wangapi hapa Temeke waliokwisha kuliona likiota kwenye jiwe lake, kivulini? Mabasi ya Lushoto huondoka Mbezi asubuhi.