Kumchagulia Mtoto Iafoni

 

Mama mmoja aliniuliza kliniki: "Sista, mwanangu anataka nimnunulie iafoni sokoni Taveta. Nichague zipi?" Nilimjibu asiangalie rangi wala mdundo mzito. Iafoni nzuri ni zile zinazomwezesha mtoto kusikia vizuri kwa sauti ya chini.

Kwa nini? Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo sana vinavyopokea sauti. Kelele kubwa huviua, navyo havioti tena. Hakuna dawa ya kuvirudisha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto asipitishe desibeli 75 kwa saa 40 kwa wiki. Sauti ikifika desibeli 100, hata mtu mzima humaliza kiwango chake cha wiki nzima kwa dakika 20 tu.

Basi ukifika dukani, angalia haya:

Kwanza, zikae sawasawa sikioni bila kuumiza. Zenye mpira laini huzuia kelele za nje. Zinazolegea humfanya mtoto aongeze sauti, hasa akiwa ndani ya matatu.

Pili, ukipata za watoto zenye kikomo cha sauti, chukua hizo. Usipopata, sauti ya simu isipite asilimia 60.

Tatu, ziwe rahisi kupanguswa. Kila mtoto awe na zake, wasiazimane. Sikio likitoa usaha, asivae kabisa, mlete kliniki.

Nyumbani, simama hatua moja kutoka kwa mtoto. Ukisikia muziki wake, au asipokusikia ukisema kwa sauti ya kawaida, mwambie apunguze. Apumzishe masikio mara kwa mara, wala asilale nazo.

Barabarani azivue. Aliyeziba masikio hasikii boda boda, wala watu wakipiga kelele kwamba ndovu wametoka Tsavo.

Mtoto akikuuliza "Umesema nini?" kila mara, akizidisha sauti ya redio, au akilalamika kwamba masikio yanavuma, usimgombeze kuwa ni mkaidi. Huenda hasikii. Mlete apimwe mapema.