Saratani ya Damu kwa Watoto: Tofauti Kubwa Ni Matibabu, Si Kabila

Wapo wanaoamini kuwa saratani ya damu kwa mtoto ni ugonjwa wa ukoo fulani au matokeo ya kurogwa, na kwamba haina tiba. Imani hiyo huchelewesha watoto kufika hospitali.

Saratani hii huanzia katika uboho, ute ulio ndani ya mifupa unaotengeneza damu. Seli nyeupe zisizokomaa huongezeka kupita kiasi na kuzisonga nyingine. Mtoto hupauka, hupata homa za kujirudia, hutokwa damu puani au kwenye fizi, huvimba tezi na huumwa mifupa. Ugonjwa huu hauambukizi.

Ni kweli kwamba uwezekano wa kuugua hutofautiana kati ya jamii. Nchini Marekani, aina iliyozoeleka zaidi huwapata watoto weusi kwa uchache kuliko weupe. Hata hivyo, kwa miaka mingi weusi waliougua walifariki kwa wingi zaidi. Utafiti wa Hospitali ya St. Jude, mjini Memphis, uliochapishwa mwaka 2003, ulionyesha kuwa watoto wa rangi zote mbili waliopata matibabu sawa walipona kwa viwango vinavyokaribiana.

Kati ya mataifa hali ni hiyo hiyo. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa katika nchi tajiri hupona zaidi ya watoto 80 kati ya 100 wenye saratani. Katika nchi nyingi maskini hawafiki 30.

Katika mwambao wa Ziwa Nyasa, ambako malaria imeenea, dalili za awali hudhaniwa kuwa malaria. Ikiwa kipimo hakionyeshi malaria, au homa inarudi baada ya dozi kamili, mzazi aombe mtoto apimwe picha kamili ya damu. Zahanati isiyo na kipimo hicho itatoa rufaa kwenda hospitali ya wilaya, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Songea, hadi Muhimbili. Huko, kwa ushirikiano na shirika la Tumaini la Maisha, watoto hutibiwa saratani bila malipo.

Kutoka Mbinga hadi Dar es Salaam ni takribani kilomita 1,000, na matibabu huweza kuchukua miaka miwili hadi mitatu. Mtoto akipata nafuu, mzazi hushawishika kurudi nyumbani kabla dawa hazijakamilika, na saratani hurudi. Kwa hiyo ndugu na majirani wanaobaki kuangalia kahawa na watoto wengine wa familia hiyo nao wanashiriki kumponya mgonjwa.