Lesi iliyokimu jamaa za wachimba migodi

KINA mama wengi hapa nchini hufuma vitambaa vya makochi kwa uzi na sindano moja yenye ncha iliyopinda. Mjini Idrija, nchini Slovenia, mfumaji wa lesi hutumia mto mgumu wa mviringo, pini, na vijiti vilivyozungushiwa uzi.

Mchoro hubandikwa juu ya mto. Mfumaji hushika vijiti vinne, yaani jozi mbili, na kufanya mambo mawili tu: kupishanisha nyuzi za katikati, na kusokota kila jozi. Pini huzuia nyuzi zisiteleze hadi kazi ikamilike.

Idrija ulikuwa mji wa machimbo ya zebaki, sumu iliyodhuru wachimbaji. Mshahara wao ulikuwa haba, hivyo wake na mabinti waliuza lesi ili chakula kipatikane. Mnamo 1876 shule ya lesi ilifunguliwa.

Leo mgodi umefungwa, lakini shule ingali inafunza watoto. Mwaka wa 2018 UNESCO iliutambua ufundi huo wa Slovenia kuwa urithi wa binadamu.

Je, mzazi, mwanao amejifunza nini mikononi mwako? Ujuzi usiorithishwa huzikwa na mwenyewe.