MTETEA ANAYEATAMIA NI MASHINE YAKO, USIMWUZE

Ndugu mkulima wa Shinyanga, Kahama, Geita na vijiji vyote vinavyozunguka machimbo ya dhahabu, leo tunazungumza habari za kuku, au ngoko kama wanavyoitwa kwa Kisukuma. Lakini hatusemi kuku kwa jumla. Tunamsema mtetea mmoja tu: yule aliyelalia mayai, aliyetutumua manyoya, na ambaye ukipeleka mkono anakudonoa.

Je, mtetea huyo kwako ni faida au hasara? Wengi wetu tunasema ni hasara. Hatagi, hali sana, amekaa tu. Basi akija mnunuzi na tenga nyuma ya pikipiki, anatafuta kuku wa kupeleka kwa mama ntilie wa Katoro, Nyarugusu au Kakola, huyo ndiye anayekamatwa kwanza, maana hakimbii.

Nilifika nyumba moja ambako mama mwenye mji alikuwa na mitetea 5. Kila mmoja alipolalia, aliuzwa. Nilipopita tena mwaka ulipokuwa unaisha, nilikuta jogoo mmoja na matembe 2. Fedha zilikwisha kwa sabuni na daftari za watoto. Vifaranga hakuna. Mama yule hakuwa mvivu wala mjinga. Aliuza mashine akabaki kusubiri unga.

Ndiyo, ndugu mkulima, ni mashine. Mashine ya kutotolea inataka umeme au mafuta ya taa, inataka joto la nyuzi 37 na nusu usiku na mchana, na inataka mayai yageuzwe mara kwa mara. Mtetea anafanya yote hayo bila kuambiwa, kwa muda wa siku 21. Kazi yako wewe ni kumsaidia.

Kwanza, chagua mayai. Chukua mayai ya saizi ya kati, safi, yasiyo na ufa. Usiyaoshe, maana ganda likioshwa vijidudu hupata njia ya kuingia. Usiweke yaliyokaa zaidi ya siku 10 tangu kutagwa. Wakati unayakusanya, yapange kwenye chombo chenye mchanga, ncha iwe chini, mahali pa ubaridi kama chini ya kitanda. Joto la kwetu la mwezi wa 9 na wa 10 huharibu mayai upesi. Hakikisha pia unaye jogoo: mmoja anatosha mitetea 8 hadi 10.

Pili, tengeneza kiota. Kiwe mahali penye giza kidogo na pakavu, mbali na mbwa na watoto. Weka nyasi kavu juu ya majivu, maana majivu husaidia kuzuia utitiri na viroboto. Wadudu hao wakizidi, mtetea huhama na kuacha mayai yapoe. Weka maji na chakula karibu, ili akishuka ale upesi na kurudi.

Tatu, mwekee mayai usiku, wakati ametulia. Mtetea wa kawaida anatosha mayai 10 hadi 13. Ukimwekea 18 atashindwa kuyafunika, na yote yatapata joto nusu nusu. Yatie alama kwa mkaa, ili mwenzake akiingia kutaga humo, ulitambue yai jipya na kuliondoa.

Nne, pima mayai siku ya 7. Hapa ndugu zetu wachimbaji wanatusaidia. Azima ile tochi yao ya kichwani, ingia chumba cha giza, weka yai mbele ya mwanga. Ukiona mishipa myekundu kama utando wa buibui, kuna kifaranga. Likiwa jeupe lote, halina mbegu, liondoe. Rudia siku ya 14. Siku ya 20 na ya 21 usimsumbue kabisa.

Sasa tusikilizane vizuri, maana hapa ndipo penye siri. Mtetea akiachiwa mambo yote mwenyewe, hutaga kwa wiki 3 hivi, huatamia wiki 3, halafu hulea vifaranga wiki 10 hadi 12. Piga hesabu: kwa mwaka mzima atatotoa mara 3 tu. Lakini wewe unaweza kuwaatamiza mitetea wako kwa pamoja. Aliyetangulia kulalia, mwachie mayai viza mawili au matatu ili aendelee kukaa. Wakifuata wenzake wawili, wape wote mayai mazuri usiku mmoja. Watatotoa siku moja. Kisha chagua mlezi hodari mmoja, mwekee usiku vifaranga 20 hivi, na waliozidi mpe wa pili. Yule wa tatu mweke mbali na sauti ya vifaranga, mpe chakula cha kutosha, naye baada ya wiki chache ataanza kutaga tena. Na hawa walezi, watenge na vifaranga baada ya wiki 4, kama vifaranga wameota manyoya na wana mahali pa joto pa kulala.

Je, kama hutaki aatamie, unataka mayai ya kuuza? Usimtumbukize majini wala usimfunge kamba mguu siku nzima juani. Mweke kwenye tundu lenye sakafu ya fito, lililoinuliwa juu ya ardhi, penye mwanga na hewa, bila nyasi za kulalia. Mpe maji na chakula. Tumbo likipata hewa kwa siku 3 au 4, hamu ya kulalia huisha. Ila anza mapema. Akishakaa wiki 2 ni kazi.

Wengine mmeniuliza habari za kuku wa Kichina aitwaye Silkie, ambaye wafugaji wa kuku wa mapambo huko mijini wanamsifu. Manyoya yake ni laini kama hariri, ngozi yake nyeusi, na ana vidole 5 badala ya 4. Usimchanganye na kidimu wetu, ambaye manyoya yake yamepinda tu. Ni kweli kwamba Silkie anapenda sana kuatamia, hata mayai ya bata. Lakini ni mdogo, mayai ya kawaida 6 au 7 yanamtosha. Haruki, kwa hiyo kicheche humpata kirahisi. Manyoya yake hayazuii maji, akinyeshewa analowa mpaka ngozini. Ukipewa, mfuge kwenye banda kavu. Lakini usiuze mbuzi kwenda kumnunua, maana kazi hiyo mtetea wako wa kienyeji anaiweza.

Vifaranga wakishatoka, wiki 4 za kwanza ndizo za hatari. Mchana wafunike na tenga, mwewe asiwaone. Wape mtama au mahindi yaliyoparazwa, dagaa wa ziwani waliotwangwa, na mchwa. Mashudu ya pamba msiwape, yana sumu. Ya alizeti yanafaa. Na chanjo ya mdondo, yaani kideri, msiisahau. Chanjo iitwayo I-2 ni tone moja tu jichoni, kwa mkubwa na mdogo, nayo hurudiwa kila baada ya miezi 3 hadi 4. Mdondo ukiingia kijijini hauna dawa, na kazi yote niliyoisema itaishia shimoni.

La mwisho ni la kwetu sisi tunaoishi na machimbo. Kuku hupekua. Akipekua kwenye mchanga wa marudio, au mahali panapochomwa dhahabu, anameza zebaki, na zebaki huweza kuingia kwenye yai unalompikia mtoto. Akinywa maji ya bwawa la sianidi, hafiki nyumbani. Kama mji wako uko karibu na karasha au plenti, jenga wigo, wape kuku maji yako mwenyewe, na usiokote mchanga wa huko kutengenezea kiota wala kuhifadhia mayai.

Basi, ndugu mkulima, mnunuzi wa machimboni si adui. Fedha yake ni nzuri, na tunaitaka. Akija, mpe majogoo wanaozidi, mpe mitetea waliozeeka, mpe kuku wa miezi 6 uliowakuza kwa mpango huu. Lakini akinyoosha kidole kwa yule aliyelala kwenye kiota, mwambie: huyo hauzwi, yuko kazini.

Kama kuna jambo halikueleweka, mwone Bwana Mifugo au Bibi Mifugo wa kata yako.