Chakula Kilichobaki: Okoa Pesa, Linda Tumbo

Nyumba nyingi za Kibera na Kawangware hazina friji, na makaa hayanunuliki kwa urahisi. Je, utatumiaje chakula kilichobaki bila kuhatarisha afya ya familia? Kile siku hiyo hiyo, kwa sababu si kila sumu huisha kwa moto.

Githeri. Loweka maharagwe usiku kucha ili yaive haraka, kisha mwaga maji hayo. Githeri ikibaki mchana, itie kwenye hotipoti ingali moto na uifunike vizuri. Jioni, ichemshe hadi itokote, ukiongeza sukuma wiki. Chakula kilichopoa kisikae nje zaidi ya saa 2.

Wali. Pika wa kutosha mlo mmoja. Wali uliolala nje unaweza kuwa na sumu ya bakteria isiyoondoka hata ukiupasha moto. Huleta kutapika na kuhara.

Nyama. Bei ikipanda, tumia ndengu, maharagwe au omena. Omena huliwa pamoja na mifupa yake, hivyo huupa mwili protini na kalsiamu. Ioshe kwa maji ya moto kabla ya kuikaanga.

Mahindi. Usinunue yenye ukungu kwa kuwa ni ya bei nafuu. Kusaga na kupika hakuondoi sumu ya aflatoksini. Mwaka wa 2004 sumu hiyo iliua watu 125 nchini.

Mtoto akianza kuhara, mpe maji ya ORS mapema na umpeleke kituo cha afya kilicho karibu.