Tandiko la Kizimba cha Mjusi: Mchanga wa Mto, Tope la Mikoko au Udongo Uliopigwa?

Mwalimu wa baiolojia atakaye kuwaonyesha wanafunzi wake mnyama wa jamii ya reptilia akiwa hai hana haja ya kwenda mbali. Mjusi kafiri yumo ukutani mwa darasa lenyewe, na mijusi wa ardhini hukimbia uani mchana kutwa. Ugumu huanza pale mjusi anapotiwa katika sanduku la kioo, kwani sanduku lina sakafu, na sakafu yahitaji tandiko. Kwa mwalimu aliyeko Kibiti au katika vijiji vya delta ya Rufiji jibu jepesi ni mchanga: upo tele, hauna gharama, na wengi tumezoea kudhani kwamba mjusi ni kiumbe wa mchangani. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini jibu hilo jepesi limewaua mijusi wengi, na namna ya kupata tandiko salama kutokana na ardhi ya huko huko.

Mjusi ambaye wafugaji wamemzungumzia zaidi katika jambo hili si wa kwetu. Ni Eublepharis macularius, mwenyeji wa Afghanistan, Pakistani na kaskazini-magharibi ya India, aliyeelezwa kisayansi na Edward Blyth mwaka 1854. Kwa sababu ya madoa yake huitwa mjusi-chui, naye hufugwa sana majumbani huko Ulaya na Marekani. Nilipokuwa masomoni ng'ambo nilimwona akiuzwa dukani pamoja na mfuko wa mchanga uliotiwa rangi, kana kwamba kwao ni jangwa la michanga mitupu. Sivyo. Makao yake ya asili ni nchi kavu yenye mawe, udongo ulioshupaa na majani machache. Tofauti na mjusi kafiri, vidole vyake havina visahani vya kunata, kwa hiyo hawezi kupanda kioo. Maisha yake yote hupita chini. Afrika Mashariki tunaye jamaa yake, Holodactylus africanus, akaaye katika nchi kavu za Kenya na kaskazini ya Tanzania. Kwa mnyama wa namna hiyo tandiko ni ardhi ya kutembelea, ni kitanda, na zaidi ya yote ni sahani ya chakula.

Hili la sahani ndilo lenye hatari. Mjusi hamchukui panzi kwa mkono. Humrukia na kumkamata kwa kinywa kilicholowa mate. Panzi akiwa juu ya mchanga mkavu, chembe hunata ulimini na kumezwa pamoja naye. Isitoshe, jamii hii ya mijusi hupeleleza mazingira yake kwa kulamba kila kitu. Chembe chache si neno: mjusi mzima, mwenye joto la kutosha na maji ya kutosha, huzitoa pamoja na kinyesi. Matatizo huja chembe zinapoingia kwa wingi kuliko zinavyotoka. Mchanga wa mto ni hasa madini ya kwatzi, ambayo asidi ya tumbo haiwezi kuyayeyusha. Hukusanyika katika utumbo, hushikamana, na mwishowe huziba njia. Mjusi huacha kula, hatoi kinyesi, tumbo huvimba, miguu ya nyuma hulegea, na baada ya siku kadhaa mwanafunzi wa zamu humkuta amekufa.

Yafaa tuseme wazi kwamba mchanga peke yake mara nyingi si chanzo kamili. Reptilia hawajitengenezei joto la mwili kama sisi. Humeng'enya chakula kwa joto walipatalo nje. Kizimba kikiwa baridi, utumbo hufanya kazi polepole na chembe hukaa humo muda mrefu. Kadhalika mjusi aliyepungukiwa na kalsiamu aweza kuanza kula udongo kwa makusudi, na upungufu huohuo hudhoofisha misuli inayosukuma chakula tumboni. Kwa hiyo wale wasemao kwamba mchanga hauna kosa lolote, na wale wasemao kwamba kila punje ni sumu, wote wameshika upande mmoja tu. Mimi naona katika maabara ya shule, ambako joto halipimwi kila siku na mwishoni mwa juma huenda hakuna mtu, mchanga mtupu usitumiwe kabisa.

Sasa tuangalie vitu vipatikanavyo Rufiji, kimoja baada ya kingine. Mchanga wa pwani, ulio na vipande vya makombe na matumbawe, huwavutia watu kwa hoja kwamba una kalsiamu. Ni kweli unayo, katika umbo la kalsiamu kabonati. Lakini mwanafunzi wa kidato cha pili ajua kitokeacho kabonati inapokutana na asidi ya hidrokloriki: hutokea chumvi, maji na gesi ya kabonidayoksaidi, na asidi hupungua. Mjusi akijaza tumbo mchanga huo, asidi yake ya kumeng'enyea chakula hutumika bure. Kalsiamu itolewe kwa kipimo: maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakakaushwa na kusagwa kama unga, yanyunyizwe juu ya wadudu kabla ya kumlisha. Vitamini D3 nayo yahitajika ili kalsiamu hiyo ifyonzwe. Na mtu asije akafikiri chokaa ya kupakia ukuta ni kitu kilekile. Hiyo ni hidroksidi ya kalsiamu, nayo huunguza ngozi na macho.

Tope la mikoko lina habari yake, na tukae nalo kidogo. Msitu wa mikoko wa delta ya Rufiji ni mkubwa kuliko mingine yote ya mwambao wa Afrika Mashariki, kiasi cha hekta 50,000, na ardhi yake ni laini, nyeusi na rahisi kuchota. Ndani ya tope hilo hewa ya oksijeni haifiki. Bakteria waishio humo hutumia salfeti ya maji ya bahari badala ya oksijeni, na kutoa salfidi. Ndiyo maana tope la mikoko hunuka kama yai viza. Salfidi hiyo huungana na chuma na kufanya madini yaitwayo pairaiti. Tope likikaa chini ya maji, madini hayo hutulia. Ukilianika, oksijeni huingia, pairaiti huvunjika, na tokeo lake ni asidi ya salfuriki. Ardhi iliyokuwa haina ukali huweza kushuka hadi pH 4 au chini ya hapo. Jambo hilihili limeharibu mabwawa mengi ya kufugia kamba yaliyochimbwa katika ardhi ya mikoko huko Asia. Ongeza chumvi ya bahari, na utaona kwamba tope hilo, hata likikaushwa vizuri na kupondwa, halimfai mjusi. Wanafunzi wanaweza kulijaribu wenyewe: wapime pH ya tope bichi, wakaanike sampuli kwa majuma kadhaa, kisha waipime tena.

Mabaki ya mimea nayo yana kasoro. Usumba wa nazi hushika unyevu, na katika hali ya hewa ya pwani huota ukungu upesi. Makapi ya mpunga ni makali na hurukaruka hadi machoni mwa mnyama. Maganda ya korosho ni mabaya kuliko yote, maana ndani yake mna mafuta yanayobabua ngozi. Kila aliyebangua korosho kwa mikono ayajua.

Basi kitumike nini? Kwa mwezi wa kwanza, karatasi nyeupe au kigae cha sakafu. Havipendezi, nami sioni haya kuvisifu, kwa sababu juu yake kinyesi huonekana. Kinyesi cha mjusi mwenye afya kina sehemu mbili: ya rangi ya giza, ambayo ni mabaki ya chakula, na nyeupe, ambayo ni asidi ya yuriki. Kikikosekana kwa siku kadhaa ilhali mnyama anakula, mwalimu atajua mapema, jambo ambalo mchanga ungelificha. Kigae kisiwe cha kuteleza.

Baadaye, kama shule yataka kizimba kifanane na makao ya asili, mfano bora upo katika nyumba za udongo za Rufiji na Kibiti. Sakafu ya nyumba iliyopigwa vizuri haitoi chembe, haichimbiki kwa kucha ndogo, na hushika joto la mchana. Siri yake ni uwiano. Udongo mweusi wa bonde la mafuriko una mfinyanzi mwingi: ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka, na katika nyufa zake nyenje hujificha na vidole vya mjusi hunaswa. Mchanga kwa upande wake haushikani. Vikichanganywa, chembe za mfinyanzi, zilizo ndogo kuliko milimita 0.002, hujaza nafasi kati ya chembe za mchanga na kuzifunga.

Anza na sehemu saba za mchanga mwembamba uliooshwa kwa maji baridi na sehemu tatu za udongo wa mfinyanzi au wa kichuguu, uliochekechwa na uliotoka mahali pasipotiwa dawa za mikorosho au za pamba. Lowesha kidogo, tandaza kwa unene wa sentimita tatu, piga kwa kibao, kisha anika juani mpaka pakauke kabisa. Katika majira ya masika hilo huweza kuchukua zaidi ya juma moja. Halafu kwaruza kwa ncha ya kalamu. Chembe zikibanduka kwa urahisi, mfinyanzi ni mchache. Nyufa zikitokea, mchanga ni mchache. Rudia hadi upate. Uwiano wa Ikwiriri hautakuwa sawa na wa Nyamisati, kwa kuwa udongo si mmoja, na hapo wanafunzi wana jaribio kamili la sayansi kabla mjusi hajaletwa.

Kwa guruguru na mijusi wengine wachimbao, sakafu hiyo ni ngumu mno. Hao wasifungwe darasani. Kwa mjusi kafiri, mkaaji wa ukutani, karatasi na magome ya mti yanatosha, na kulisha kufanywe katika kisahani. Kabla ya kumkamata mnyama yeyote wa porini, mwalimu amwone afisa wanyamapori wa wilaya, kwa kuwa sheria ya mwaka 2009 inahusu pia viumbe wadogo. Na kwa kuwa reptilia huweza kubeba bakteria wa salmonela bila wao kuugua, kila ashikaye mjusi, kinyesi au tandiko aoshe mikono kwa sabuni. Tandiko la zamani lifukiwe mbali na kisima.