Njia za Mbio Katika Ugogo

Mtu apendaye kukimbia katika viunga vya Dodoma hatakosa njia: ziko njia za ng'ombe, na mapito kati ya mashamba ya mtama na uwele, na mchanga wa makorongo makavu. La kuchagua kwanza ni saa.

Wapagazi walilijua jambo hili. Kabla ya reli kufika Dodoma mwaka 1910, misafara itokayo pwani ilipita Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, magharibi ya Mpwapwa. Walijaza vibuyu, wakaondoka jua likiisha kupinda, wakalala njiani pasipo kisima, wakaamka alfajiri kuyafuata maji ya mbele. Mwendo huo waliuita tirikeza. Huko mbele watemi wa Wagogo walitoza hongo, wala si ajabu, maana visima vilikuwa vyao.

Basi mkimbiaji naye aondoke alfajiri, achukue maji. Hewa ya Dodoma ni kavu. Jasho hukauka upesi, mtu akadhani hakupoteza kitu. Tena, kati ya Desemba na Aprili, korongo lililokuwa njia jana huweza kujaa ghafula kwa mvua iliyonyesha mbali. Hilo asilivuke.